Picha imeuzwa. Pesa zimeingia kwa nani?

Ni Jumamosi alasiri, Kibera. Mgeni amezunguka chumba cha maonyesho mara mbili, amerudi kwa ile picha ya kibanda cha chapati, ameuliza bei, ameomba apunguziwe, na sasa simu iko mkononi. "Sawa boss, nilipe kwa nambari gani?"

Wasanii wawili walio zamu wanatazamana. Aliyechora picha hayuko, ako Kawangware anamalizia ukuta wa saluni. Mweka hazina amepigiwa mara tatu, hashiki. Mwishowe mmoja wao anasema, "Tuma tu kwa yangu, nitampatia."

Hiyo "nitampatia" ndiyo imetufanya tuandike makala haya. Wanaotupigia simu kuhusu pesa za kikundi huwa wa kila aina: watu wa boda boda, kwaya za kanisa, vyama vya kina mama, vijana wa kuosha magari. Lakini kikundi cha wasanii wanaoendesha galari pamoja kina utata wake. Kwenye chama cha kawaida kila mtu anatoa elfu moja na zamu yake ikifika anapokea zote. Ni rahisi, hata mtoto anaelewa. Kwenye galari ya ushirika, picha ni ya mtu mmoja lakini ukuta ilipotundikwa ni wa wote. Kwa hiyo pesa za picha moja zina wenyewe wawili tangu dakika zinapoingia, na wenyewe hao hawajawahi kukaa chini wakaandika nani anachukua ngapi.

Kama wewe ni msanii na umealikwa kujiunga na galari kama hiyo, au tayari uko ndani na wanataka kukupa cheo cha mweka hazina, endelea kusoma. Tutaongea hesabu, samahani mapema.

Wazo hili lina historia hapa kwetu

Wasanii wa Nairobi hawakuanza jana kuungana. Paa ya Paa, ambayo jina la Elimo Njau haliwezi kutenganishwa nayo, ilianzishwa mwaka 1965 na wasanii na marafiki wa sanaa waliotaka pahali pao wenyewe katika mji ambao galari zilikuwa za wageni.

Na Kibera kuna Maasai Mbili. Hadithi yao tunaipenda kwa sababu ilianza kama biashara kabla ya kuwa sanaa. Mwaka 2001, Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wachoraji wa mabango: kinyozi anataka kichwa chenye mkato mpya ukutani, bucha inataka ng'ombe, hoteli inataka sahani ya ugali na samaki. Kazi kama hiyo mitaani ina ushindani, kila kona kuna kijana na brashi. Wale wawili wakaamua kuvaa mashuka ya Kimaasai wakienda kazini, ili watu wawatambue. Jina likawashika: Maasai wawili ambao si Wamaasai hata kidogo. Baadaye wasanii wengine wakajiunga, studio yao ya Kibera ikawa pahali pa kuchora, kuonyesha na kukutana, na kikundi kikajulikana mbali sana na Kibera. Mmoja wa waliotoka humo, Solo 7, ndiye aliyeandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na mabati ya mtaa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.

Angalia mwaka tena: 2001. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa hiyo kikundi kama kile kilipitia miaka sita ya kwanza bila mtu yeyote kutuma pesa kwa simu. Mteja alilipa noti, noti ikaonekana na kila aliyekuwepo, ikagawanywa papo hapo au ikawekwa mahali. Simu ilileta urahisi mkubwa, hatutajifanya hatujui, ndiyo kazi yetu. Lakini pia iliondoa kitu kimoja: noti mezani iliona kila mtu, ujumbe wa simu unaona mwenye simu peke yake.

Mfano wa tatu uko upande ule mwingine wa mji, Mukuru, eneo la Lunga Lunga. Wajukuu Art Project ni kikundi cha wasanii waliokulia hapo, na mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta fifteen, moja ya maonyesho makubwa zaidi ya sanaa ya kisasa duniani. Waligeuza mlango wa ukumbi mkubwa kuwa njia ya mabati yenye kutu, mgeni akaingia kwenye sanaa ya Ulaya akipitia mabati ya mtaani kwetu. Kilichotuvutia zaidi sisi watu wa pesa ni jinsi maonyesho yenyewe yalivyopangwa. Waliyoyaongoza walikuwa ruangrupa, kikundi cha wasanii kutoka Jakarta, na neno walilolitumia ni "lumbung", yaani ghala la mpunga la kijiji cha Indonesia ambamo mavuno ya ziada huwekwa kwa manufaa ya wote. Vikundi vilivyoalikwa vilikuwa na sehemu ya bajeti kwenye chungu kimoja, wakakaa wenyewe kuamua kitumikeje. Ukisikia hivyo unaweza kusema, kumbe ni chama tu! Ni kweli, na kama chama chochote, vikao vilikuwa vingi.

Tuchukue msanii mmoja wa Kawangware

Huyu tumemtunga sisi, kwa ajili ya kuonyesha hesabu, lakini kama uko Kawangware pengine unamjua mtu kama yeye. Anakaa Gatina. Wiki anachora kuta za saluni na vibanda, usiku anachora picha zake kwenye kanvasi, na kanvasi zimejaa hadi chini ya kitanda. Rafiki yake wa Kibera anamwambia kuna kikundi cha wasanii tisa wamekodi chumba, wanatafuta mtu wa kumi. Atatembea Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, apande matatu ya Ngong Road ashukie Adams, kisha Kibera kwa miguu. Nauli si nyingi. Swali ni kama anajiunga na nini.

Swali la kwanza watu wengi huuliza ni kamisheni. Galari nyingi za biashara hapa mjini huchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya picha, na haziombi msanii kitu kingine: wao wanalipa kodi, wanatafuta wateja, wanachapisha kadi. Galari ya ushirika huchukua kidogo, tuseme asilimia 25, na hapo msanii anafurahi haraka. Asifurahi bado. Aulize kuna mchango wa kila mwezi wa ngapi, na aulize zamu. Kwenye galari ya ushirika unalipa kwa njia tatu: asilimia ya mauzo, mchango wa mfukoni, na siku zako. Siku mbili kwa mwezi za kukaa mlangoni, kufagia na kupokea wageni ni siku mbili ambazo huchori ukuta wa saluni wa mtu. Ziweke bei.

Sasa hesabu ya chumba. Tuseme kodi ni 14,000, tokeni za stima 1,500, na kijana wa ulinzi usiku 6,000. Jumla ni 21,500 kwa mwezi, picha iuzwe isiuzwe. Wanachama kumi wakitoa 1,000 kila mmoja, hiyo ni 10,000. Zimebaki 11,500 ambazo lazima zitoke kwenye sehemu ya kikundi ya mauzo. Kama sehemu hiyo ni asilimia 25, basi galari inahitaji kuuza kazi za shilingi 46,000 kila mwezi ili kusimama tu pale pale, bila kununua hata msumari.

Tumeona vikundi vyenye miaka mitatu ambavyo havijawahi kuifanya hesabu hii. Desemba watalii na jamaa wa ng'ambo wamekuja, mauzo ni mazuri, watu wanagawana sehemu ya kikundi kama bonasi. Januari hakuna mgeni, landilodi yuko mlangoni tarehe tano, na mwenye pesa Januari ni yule mmoja ambaye kila mara huokoa wengine. Anaokoa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu anaanza kuongea kama mwenye nyumba. Kwa hiyo msanii wetu wa Gatina aulize: mwezi mbaya zaidi mwaka jana ulikuwa upi, na kodi ya mwezi huo ilitoka wapi? Jibu la swali hilo litamwambia mengi kuliko katiba.

Asilimia 25 ya nini?

Hapa ndipo ugomvi hukaa, na huwa ni wa pesa ndogo. Picha imeuzwa 18,000. Fremu ilinunuliwa na kikundi, 1,500. Mmoja anasema toa fremu kwanza, ibaki 16,500, kikundi kichukue robo yake ambayo ni 4,125, msanii apate 12,375. Mwingine anasema hapana, robo ya 18,000 ni 4,500, kisha fremu ni juu ya msanii, anabaki na 12,000 kamili. Tofauti ni shilingi 375. Nauli ya siku tatu. Lakini msanii aliyepata 12,000 leo na akasikia mwenzake alifanyiwa hesabu ile nyingine wiki iliyopita, hatawaza 375, atawaza kwamba anaibiwa.

Hatuna upande kuhusu njia ipi ni bora. Sisi tungetoa gharama kwanza, kwa sababu fremu ikibaki ukutani ni ya galari pia, lakini hayo ni maoni yetu. La maana ni iandikwe moja, na mfano wa namba ukae kwenye katiba yenyewe. Si maneno peke yake, namba. "Picha ikiuzwa 18,000 na fremu ni 1,500, msanii atapokea 12,375." Mtu wa darasa la nane na mtu wa chuo kikuu wanasoma sentensi hiyo wakiielewa sawa.

Kuna pia suala la bei ya mwisho. Yule mgeni wetu wa Jumamosi aliomba apunguziwe kutoka 18,000 hadi 15,000, na mchoraji hakuwepo. Nani ana ruhusa ya kukubali? Vikundi vingine huandika bei mbili nyuma ya picha kwa penseli: ya kutaja, na ya chini kabisa. Wa zamu anaweza kushuka hadi ile ya chini bila kupiga simu. Chini ya hapo, hapana, hata mgeni akiwa na mdomo mtamu namna gani.

Nambari ni ya nani

Tulikuwa na kikundi kimoja, jina tunalihifadhi, kilichopokea malipo yote kwa laini ya mweka hazina. Alikuwa mtu mwaminifu kabisa, na hili tunalisema kwa sababu watu wakisikia hadithi ya pesa za kikundi hutarajia mwizi. Hakukuwa na mwizi. Mweka hazina aliugua ghafla akafariki. Kwenye laini yake kulikuwa na kodi ya miezi miwili na malipo ya picha nne ambazo wenyewe hawakuwa wamepokea sehemu yao.

Walitujia wiki moja baada ya mazishi, watu sita, wamevaa vizuri, hawajui waanze wapi. Walikuwa na jumbe zote za wanunuzi. Walikuwa na daftari. Tulichoweza kuwaambia ni kwamba laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu ni mali ya mtu huyo, na akifariki salio ni sehemu ya urithi wake. Anayeweza kulidai ni familia, kwa cheti cha kifo na karatasi za urithi. Sasa wale wasanii walilazimika kwenda kwa mjane mwenye msiba mpya kumwambia kwamba sehemu ya pesa za marehemu si za marehemu. Fikiria kikao hicho. Familia ilikuwa na roho nzuri na mwishowe wakaelewana, lakini kodi haikungoja na chumba walikuwa wamekihama.

Ndiyo sababu tunarudia kila mara: pesa za kikundi ziingie kwa nambari ya kikundi. Na kwa kikundi kupata nambari yake, lazima kwanza kiwepo mbele ya sheria. Hapa Kenya vikundi vingi vya ukubwa huu hujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka watu wasiopungua kumi. Ushirika kamili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika nao huanzia watu kumi, ila una ukaguzi na taratibu nyingi zaidi. Kwa galari ya chumba kimoja, kikundi cha kijamii mara nyingi kinatosha kuanza. Sasa unaona kwa nini wale tisa wa Kibera walikuwa wanamtafuta huyu wa kumi kwa bidii! Hilo si baya, lakini ni vizuri ajue anachukua nafasi gani, maana mtu wa kumi ana nguvu ya kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi.

Kikundi kikiwa na cheti, kinaweza kufungua akaunti ya benki yenye watu watatu wa kuidhinisha, na nambari ya till inayomwaga pesa kwenye akaunti hiyo. Till yenyewe inaweza kuwa na wahudumu wenye ruhusa tofauti. Wa zamu anapewa ruhusa ya kuona malipo yakiingia, bila uwezo wa kutoa hata shilingi moja. Hiyo ndiyo inayorudisha ile noti mezani tuliyoitaja juu: watu zaidi ya mmoja wanaona kwa wakati mmoja.

Jumamosi ile, mara ya pili

Turudi kwa mgeni na picha ya chapati, safari hii kikundi kimejipanga. Nambari ya till imechorwa kwenye kibao kando ya mlango, na kwa wachoraji wa mabango tunatarajia kibao kizuri. Mgeni anaingiza nambari, simu yake inamwonyesha jina la kikundi kabla hajaweka PIN, analipa. Analeta skrini yake: "Imeenda, umeona?"

Hapo msanii wa zamu asitazame simu ya mgeni. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza, na picha ya skrini ya malipo ya juzi ni rahisi zaidi. Atazame simu ya galari. Kama ujumbe wa upande wetu haujafika, picha haitoki ukutani. Mitandao huchelewa, tunakiri, na ni aibu kidogo kumweka mteja dakika kumi. Mpe kiti, mpe chai, mwonyeshe kazi zingine. Mnunuzi wa kweli hukaa. Tena akikaa hununua kadi mbili tatu za kutuma nyumbani.

Kosa lingine la siku ya mauzo ni mtu kulipa nusu. "Nachukua picha sasa, nyingine natuma jioni." Rubuni ni sawa, lakini picha ibaki, iwekwe kibandiko chekundu, na aandikiwe karatasi yenye kiasi alicholipa na tarehe ya kumaliza. Picha ikishaondoka, deni linakuwa la urafiki, na madeni ya urafiki hatujui njia ya kuyadai kwa simu.

Kwa kazi kubwa kumbuka viwango. Kwa watumiaji wa M-Pesa, tangu Agosti 2023 muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na salio la laini ya kawaida halizidi 500,000. Picha ya 300,000 italipwa kwa awamu mbili au kwa benki, na ni bora kumwambia mteja mapema kuliko kumwacha apambane na ujumbe wa kukataliwa mbele ya mkewe.

Baada ya malipo, kitabu. Tarehe, jina la kazi, msanii, bei, nambari ya muamala, jina na mawasiliano ya mnunuzi. Hii ya mwisho wasanii huiruka, na tunaelewa, mgeni yuko mbioni. Lakini Sheria ya Hakimiliki, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inampa msanii haki ya asilimia 5 picha yake ya asili inapouzwa tena sokoni na wafanyabiashara wa sanaa. Kuna masharti yake, na kuidai si rahisi. Bila rekodi ya mauzo ya kwanza ni vigumu zaidi. Picha ya 18,000 ya leo inaweza kupita mnadani miaka kumi ijayo kwa bei tusiyothubutu kuitaja, na daftari la Kibera likawa ndilo ushahidi pekee wa ilikotoka.

Akipewa hazina

Mwaka umepita. Msanii wetu wa Gatina ameuza picha saba, amefanya zamu zake zote, na kwenye kikao cha mwaka wanamchagua mweka hazina. Sababu waliyoitoa ni kwamba "anaandika vizuri". Hivyo ndivyo watu wengi hupata kazi hii.

Ushauri wetu kwake ni mdogo kuliko anavyodhani. Kila Jumatatu atume kwenye kundi la WhatsApp taarifa ya till ya wiki, nzima, bila kuikata. Si muhtasari wake, taarifa yenyewe. Wachache wataisoma, na hao wachache wanatosha. Sehemu ya msanii ilipwe ndani ya siku saba za mauzo, siku hiyo hiyo kila wiki, hata kama ni shilingi 900 za kadi. Kuchelewesha pesa za mtu kwa nia nzuri, ukizitumia kuziba pengo la kodi kwa muda, ndiko kunakovunja vikundi. Mwenye picha atasikia kutoka kwa mgeni kwamba alilipa tarehe tatu, na leo ni tarehe ishirini. Kama kodi imepungua, sema kodi imepungua, itisheni mchango wa dharura au mkope kutoka kwa mwanachama kwa maandishi. Pesa za picha ya mtu si akiba ya galari.

Na kitu kingine ambacho hakihusu simu. Katika kila kikundi kuna wawili watatu ambao kazi zao huuzwa kuliko za wengine, na kuna wale ambao hawajauza tangu Pasaka lakini hawakosi zamu. Wa kwanza huanza kuhisi wanabeba wengine. Wa pili huanza kuhisi wanalinda duka la watu. Mweka hazina anaona pande zote mbili kwenye kitabu kimoja, kwa hiyo aonyeshe zamu kando ya mauzo, kwenye karatasi moja. Mtu aliyeuza 60,000 akiona kwamba 38,000 kati yake ziliuzwa siku ambazo yule asiyeuza ndiye alikuwa mlangoni, mazungumzo yanabadilika sauti. Si lazima wapendane. Waone tu.

Siku atakapoacha cheo, asikabidhi PIN. Tunajua ndivyo inavyofanywa: "PIN ni ile ile, badilisha ukitaka." Kikundi kiandike muhtasari wa kikao uliotiwa sahihi, kisha mweka hazina wa zamani na wa mpya waje pamoja kwenye ofisi ya huduma wakiwa na vitambulisho vyao, cheti cha kikundi, katiba na huo muhtasari. Ruhusa za wa zamani zinafungwa, za mpya zinafunguliwa. Wa benki nao wabadilishwe wiki hiyo hiyo, maana huko ndiko watu husahau, na unakuta aliyehamia Mombasa mwaka juzi bado ndiye wa kuidhinisha malipo ya fremu.

Kama kikundi chako bado kinatumia laini ya mtu mmoja, usingoje uchaguzi. Leteni karatasi hizo hizo, na mwenye laini aje mwenyewe na simu yake. Kibao cha zamani chenye nambari yake mkipake rangi siku hiyo hiyo kabla hamjafunga galari, kwa sababu kuna mgeni ambaye aliipiga picha mwaka jana na bado anaikumbuka ile picha ya samaki.